Makazi Yanavyounda Bakteria wa Tumboni: Funzo kutoka kwa Kulungu wa China

Daktari wa maradhi ya tumbo huzoea kumwuliza mgonjwa maswali ambayo mwanzoni huonekana hayahusiani na kilichomleta. Unaishi wapi? Maji mnateka wapi? Umehama karibuni? Msimu huu mnakula nini nyumbani? Ni dawa zipi ulizomeza mwezi uliopita? Wapo wagonjwa wanaodhani ni udadisi tu. Ukweli ni kwamba ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu inaishi jamii ya bakteria wanaohesabiwa kwa matrilioni, na jamii hiyo haifanani kwa watu wote. Huundwa na chakula, maji, udongo, majirani na dawa; kwa neno moja, huundwa na makazi.

Kwa binadamu jambo hili ni gumu kulithibitisha, kwa kuwa watu wanaoishi mahali tofauti mara nyingi hutofautiana pia kwa nasaba. Inapoonekana tofauti kati ya tumbo la mtu wa hapa na la mtu wa kule, ni vigumu kusema ni ipi imetokana na damu na ipi imetokana na mahali. Ndiyo maana katika makala haya ninaomba msomaji anifuate hadi China, kwa mnyama mmoja aliye katika hatari, ambaye historia yake imetupatia jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga.

Kwanza neno juu ya jina. Katika Afrika Mashariki jina kulungu hutajwa kwa mnyama wa porini wa jamii ya swala, mwenye pembe zilizosokotwa. Hapa ninalitumia kwa maana nyingine iliyoenea vitabuni, yaani wanyama wa familia ya Cervidae, ambao madume yao huota pembe zenye matawi, zikadondoka na kuota upya kila mwaka. Wanyama hao hawapo kwa asili kusini mwa Sahara.

Mnyama aliyenusurika nje ya kwao

Kulungu ninayemzungumzia huitwa milu, na kitaalamu Elaphurus davidianus. Wachina wa zamani walimpa pia jina lenye maana ya asiyefanana na wanne: kwato zake ni kama za ng'ombe, uso kama wa farasi, pembe kama za kulungu, mkia kama wa punda, naye si yeyote kati ya hao. Kwato zake pana zinamfaa mnyama wa mabwawa na matope, na huko ndiko alikoishi zamani, katika nyanda zenye maji za mashariki ya China. Kilimo na uwindaji vilimwondoa porini karne nyingi zilizopita. Kufikia karne ya 19 kundi lililokuwa limebaki China liliishi ndani ya ukuta wa bustani ya kifalme ya uwindaji ya Nanhaizi, kusini mwa Beijing.

Mwaka 1865 padri Mfaransa Armand David, aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe, aliwaona wanyama hao kwa kuchungulia juu ya ukuta huo. Mwaka uliofuata mwanazuoni wa Paris, Alphonse Milne-Edwards, alimwelezea mnyama huyo kisayansi na kumpa jina la padri. Baadaye baadhi yao walipelekwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na safari hiyo ndiyo iliyookoa uhai wa aina nzima. Katikati ya miaka ya 1890 mafuriko yalibomoa ukuta wa Nanhaizi. Kulungu wengi walitoroka, wakaliwa na watu waliokuwa na njaa. Waliosalia waliangamia katika machafuko ya mwaka 1900.

Huko Uingereza, Mtawala wa Bedford aliwakusanya kulungu 18 kutoka bustani mbalimbali za Ulaya katika shamba lake la Woburn Abbey. Karibu milu wote walio hai leo ni wazao wa kundi hilo dogo. Mwaka 1985 baadhi yao walirudishwa Nanhaizi, mahali pale pale walipotoweka. Mwaka 1986 wengine 39 walipelekwa Dafeng, kwenye pwani ya Bahari ya Njano. Katika miaka ya 1990 kundi jingine lilitolewa Beijing na kupelekwa Shishou, kando ya mto Yangtze. Mwaka 1998 mto huo ulipofurika, baadhi ya kulungu wa Shishou waliogelea nje ya hifadhi na kuanzisha makundi yanayojitegemea porini. Mafuriko yaliyowaangamiza mababu zao safari hii yaliwafungulia mlango. Leo milu wanahesabiwa kwa maelfu, ingawa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika tathmini yake ya 2016 liliendelea kuwaweka katika kundi la wanyama waliotoweka porini.

Hapa ndipo lilipo jaribio nililolitaja. Milu wote ni ndugu wa karibu mno. Jeni zao hazitofautiani sana kutoka kundi moja hadi jingine. Lakini wengine wanaishi katika bustani yenye uzio na kulishwa kwa mkono, wengine kwenye pwani ya chumvi, wengine katika mabwawa ya mto. Nasaba ni moja, makazi ni mbalimbali. Tofauti kubwa ikionekana ndani ya matumbo yao, nasaba haitoshi kuieleza, na inatulazimu kutazama mahali.

Tumbo linalotegemea wapangaji wake

Kulungu, kama ng'ombe na mbuzi, ni mnyama anayecheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kilicho kikubwa kuliko vyote huitwa rumeni. Mwili wa kulungu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, ile dutu ngumu inayojenga nyasi na majani. Bila msaada, mnyama huyu angekufa njaa akiwa amesimama katikati ya malisho. Msaada huo hutolewa na bakteria, pamoja na kuvu na viumbe wengine wadogo, wanaoichachusha nyasi ndani ya rumeni na kuigeuza kuwa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Asidi hizo hupenya ukuta wa tumbo na kuingia katika damu, nazo humpatia mnyama sehemu kubwa ya nishati yake. Baadaye bakteria wenyewe husukumwa kwenye vyumba vinavyofuata, ambako humeng'enywa na kuwa chanzo muhimu cha protini. Kwa hiyo kulungu hulisha bakteria, na bakteria humlisha kulungu.

Ndama wa kulungu hazaliwi na wapangaji hao wakiwa tayari. Siku za mwanzo rumeni yake ni ndogo na haifanyi kazi, na maziwa huipita bila kuingia. Bakteria humfikia kidogo kidogo: kutoka katika njia ya uzazi ya mama, kutoka ulimi wa mama anayemlamba, kutoka chuchu, udongo, maji, na majani ya kwanza anayoyatafuna. Kila mojawapo ya vyanzo hivyo ni sehemu ya makazi.

Makazi huingiaje tumboni

Njia ya kwanza ni chakula. Kila mmea una mchanganyiko wake wa selulosi, wanga, protini na sumu za kujilinda. Matete ya bwawani hayafanani na mimea ya pwani inayovumilia chumvi, na yote mawili hayafanani na majani makavu na nafaka anazopewa mnyama bustanini. Bakteria anayeweza kuvunja nyuzinyuzi ngumu hustawi pale zinapopatikana. Zikikosekana hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na wapenda wanga.

Njia ya pili ni msimu. Kulungu wa porini hula majani machanga wakati wa machipuko, na magome, mizizi na nyasi zilizokauka wakati wa baridi. Jamii ya bakteria wake hupanda na kushuka pamoja na majira. Mnyama anayelishwa chakula kile kile mwaka mzima hukosa mzunguko huo.

Njia ya tatu ni ujirani. Bakteria wengi wa utumbo hawaishi kwa muda mrefu penye hewa ya oksijeni, hivyo huhamia kwa mguso, kwa kulambana, au kwa kula nyasi zilizochafuliwa na kinyesi kibichi. Mnyama wa porini hukutana na udongo mwingi, maji mengi na viumbe wengi. Mnyama wa zizini hukutana na wenzake wale wale, kwa msongamano mkubwa, pamoja na binadamu na mifugo yao.

Njia ya nne ni tiba. Wanyama wanaofugwa hutibiwa, na viuavijasumu haviwezi kutofautisha kikamilifu kati ya adui na mpangaji mwema.

Kinachosomwa katika kinyesi

Kumkamata kulungu adimu na kumpasua si njia ya kumwokoa. Watafiti hukusanya kinyesi kibichi, hukigandisha mara moja, kisha hutoa vinasaba vilivyomo. Husoma hasa jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo, lakini imeandikwa kwa tofauti ndogo kutoka kundi hadi kundi. Kwa njia hiyo wanaweza kuorodhesha jamii nzima bila kumgusa mnyama na bila kulazimika kuotesha bakteria maabara, kazi ambayo kwa wengi wao haijafanikiwa.

Mwaka 2019 watafiti wa China walichapisha ulinganisho wa namna hii kati ya milu wa porini na milu wanaofugwa. Katika makundi yote, faila kuu mbili ndizo zilizotawala, Firmicutes na Bacteroidetes, ambazo ndizo zinazotawala pia katika wanyama wengine wanaocheua, na hata katika utumbo wa binadamu. Hilo halishangazi; kazi ya kuvunja mimea ina mafundi wake. Lakini uwiano wa faila hizo, na orodha ya wale wadogo waliomo ndani yake, ulitofautiana kati ya mnyama wa porini na ndugu yake wa uzioni, kiasi kwamba sampuli za makundi hayo zilijipanga mbalimbali. Ndugu wa damu moja wamekuwa na matumbo ya aina mbili.

Ni lazima tuwe waangalifu katika kuyasoma matokeo ya namna hii. Kinyesi hueleza zaidi habari za utumbo mpana kuliko za rumeni. Tena, tofauti pekee si ugonjwa, na wingi wa aina za bakteria pekee si afya. Swali la daktari ni hili: je, jamii iliyopo inaweza kuifanya kazi inayohitajika mahali mnyama alipo, au mahali anapopelekwa?

Mnyama anapohamishwa bila bakteria wake

Swali hilo ndilo linaloamua uhai. Mfugaji yeyote wa kwetu anayajua yanayompata ng'ombe aliyevunja ghala na kujishindilia mahindi. Wanga mwingi humfikia bakteria asiyeuzoea kwa kiasi hicho. Wale wanaotengeneza asidi ya laktiki huongezeka haraka kupita wenzao, rumeni inakuwa kali, wavunja nyuzinyuzi wanakufa, na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Huko Amerika Kaskazini kulungu hufa kwa njia hiyo hiyo pale watu wema wanapowamwagia mahindi katikati ya majira ya baridi, wakati matumbo yao yamezoea vijiti na magome. Huruma isiyojua bakteria inaweza kuua.

Yupo pia bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye huishi udongoni na katika matumbo ya wanyama wengi kwa idadi ndogo isiyodhuru. Chakula kinapobadilika ghafla, au wanyama wanaposongamana, anaweza kuongezeka na kutoa sumu inayoharibu ukuta wa utumbo. Miongoni mwa milu wa China ameripotiwa kusababisha vifo. Kwa mnyama mwenye nasaba finyu, ambaye kinga za wengi katika kundi hufanana, mlipuko mmoja ni tishio kwa wote.

Kwa upande mwingine, bakteria sahihi anaweza kumfungulia mnyama makazi mapya. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa mbuzi, na unahusu mti ambao wafugaji wetu wanaufahamu, lusina, yaani Leucaena. Majani yake yana protini nyingi, lakini pia yana sumu iitwayo mimosini. Mbuzi wa Australia walipoula kwa wingi waliugua. Mbuzi wa Hawaii waliula bila madhara. Mtafiti Raymond Jones alishuku kwamba tofauti haikuwa katika mbuzi wenyewe. Katika miaka ya 1980 majimaji ya rumeni kutoka Hawaii yalitiwa katika matumbo ya mifugo ya Australia, nayo ikaweza kula lusina. Bakteria aliyehusika alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Mbuzi walibaki kuwa mbuzi wale wale, na mti ukabaki kuwa ule ule. Kilichobadilika ni mpangaji mmoja asiyeonekana.

Kwa wanaowarudisha kulungu porini mambo kadhaa yanafuata. Chakula kibadilishwe polepole, kwa wiki kadhaa, na mimea ya makazi mapya ianze kutolewa kabla uzio haujafunguliwa. Msongamano upunguzwe. Viuavijasumu vitumike pale tu panapohitajika. Milu watengwe na mifugo ya jirani. Kinyesi kipimwe kabla na baada ya safari, kama vile tunavyopima damu ya mgonjwa kabla na baada ya upasuaji. Zaidi ya yote, mabwawa yenyewe yalindwe. Ukikausha bwawa na kumhifadhi kulungu kwenye zizi, umehifadhi umbo lake. Sehemu kubwa ya kilichomwezesha kuishi bwawani umeipoteza.

Na sisi je?

Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini daktari wa binadamu ashughulike na kulungu wa mbali. Jibu lipo karibu na Ziwa Eyasi, hapa Tanzania, wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadzabe 27 na wa Wataliano 16. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, wakiwemo wavunja nyuzinyuzi ambao kwa Wataliano hao hawakuonekana. Mwaka 2017 utafiti mwingine uliofuata mzunguko wa majira ulionyesha kwamba baadhi ya makundi ya bakteria wa Wahadzabe hupungua wakati wa masika, asali na matunda yanapokuwa mengi, kisha hurejea kiangazi. Binadamu, kama kulungu, hubeba msimu tumboni mwake.

Simaanishi kwamba mtu wa mjini aache choo na maji safi arudi porini. Kipindupindu na homa ya matumbo havina thamani yoyote ya kuhifadhiwa. Ninachosema ni kwamba tunapohama kutoka shambani kwenda mjini, kutoka mihogo, kunde, mchicha na ugali wa dona kwenda chipsi, mkate mweupe na soda, hatuhami peke yetu. Tunaihamisha jamii nzima ambayo haikuulizwa. Na tunapokwenda duka la dawa kununua viuavijasumu kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayatibiwi kwa dawa hizo, tunaibomoa jamii hiyo bila faida yoyote, na kuwaachia nafasi bakteria sugu.

Hospitalini tumeona mwisho wa njia hiyo. Mgonjwa aliyetumia viuavijasumu vikali kwa muda mrefu anaweza kupata kuhara kunakosababishwa na Clostridioides difficile, bakteria anayestawi pale majirani zake wema wanapoangamizwa. Katika jaribio lililofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa ambao maradhi hayo yaliwarudia mara kwa mara walitiwa utumboni majimaji yaliyotengenezwa kwa kinyesi cha mtu mwenye afya. 13 kati ya 16 walipona kwa dozi moja. Waliopewa dawa ya vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Ni tiba ya hospitali, yenye vipimo vikali vya mtoaji, na haipaswi kabisa kujaribiwa nyumbani. Lakini kanuni yake ni ile ile ya mbuzi wa Australia: mgonjwa alirudishiwa majirani aliowapoteza.

Mambo tunayoweza kuyafanya nyumbani ni ya kawaida. Tule mboga, kunde, matunda na nafaka zisizokobolewa, ili wavunja nyuzinyuzi wetu wasife njaa. Mama anyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, isipokuwa kama mtaalamu wa afya ameshauri vinginevyo. Tusimeze viuavijasumu bila cheti cha daktari, na tunapoandikiwa tuvitumie kama tulivyoelekezwa. Mfugaji naye asibadilishe malisho ya mifugo yake kwa siku moja.

Kulungu 18 waliokusanywa Woburn walitosha kuiokoa nasaba. Kuokoa uwezo wa kuishi bwawani ni kazi nyingine, inayoendelea hadi leo huko Dafeng na Shishou, nayo inapimwa kwa kinyesi kilichookotwa kwenye matope. Daktari anayemwuliza mgonjwa wake maji anateka wapi anaifanya kazi hiyo hiyo. Safari nyingine utakapoulizwa swali hilo, lijibu kwa ukamilifu, kwa sababu huenda jibu lako ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa wako.